Kipimo Kilisoma Sifuri

Luzira, Jumatano jioni

Mariamu mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako na umeniachia nyumba iliyojaa mizigo yako ya kwenda kazini Arua. Blanketi limefungwa, chaja ipo kwenye mfuko wa pembeni, vyeti nimevitia kwenye bahasha ya plastiki visilowe. Kwa hiyo sitakuandikia habari za blanketi wala za kula kwa wakati. Una miaka ishirini na mitatu na unapika kuliko mimi, jambo ambalo kwa kweli si sifa kubwa. Nimekaa mezani na daftari lako la shule lenye kurasa zilizobaki, na nina kama saa mbili kabla hujarudi. Nataka kukuandikia jambo ambalo nimeshindwa kulisema kwa mdomo miaka kumi na miwili. Kila nilipojaribu nilijikuta nakuuliza kama umekula.

Leo mchana nilikuwa nashona mkanda wa begi lako, ule uliokatika. Nikaingiza mkono ndani kushika kitambaa vizuri, na chini ya sweta nikagusa kitu chenye ubaridi. Sikuhitaji kukifungua. Vifurushi vya namna hiyo nimevifungua vingi kuliko ninavyoweza kuhesabu: jani la mgomba limekazwa kwa kamba, na ndani yake majani ya mairungi, miraa, bado mabichi, yamenyunyiziwa maji yasikauke. Ukatoka chumbani ukaniona nimekishika. Hukushtuka wala hukuficha.

"Aa, Baba, hiyo ni ya kazi," ulisema. "Madreva wote wa ambulansi wanatafuna. Bila hiyo zamu haiendi. Kwani ni pombe?"

Ukacheka, ukanipiga begani.

"Wewe mwenyewe si ulisema majani hayajaua mtu?"

Ni kweli nilisema. Nilisema hapa hapa ndani, si mara moja, kila jirani aliporudi amelewa na mimi nikataka uone tofauti kati yake na baba yako. Ukaingia kuoga ukiimba, nami nikabaki na kile kifurushi mkononi. Nimekirudisha mahali pake chini ya sweta. Kukitupa ni rahisi, na Arua utavipata vingine kabla hata hujashusha mizigo. Wewe ndiye dereva sasa, utaamua mwenyewe, lakini huwezi kuamua vizuri kwa maneno yangu ya uongo.

Majani yameua mtu, Mariamu. Yamemuua mama yako. Na aliyekuwa ameyatafuna ni mimi.

Nimeacha kalamu kidogo, nikaenda kunywa maji, nikarudi. Sentensi hiyo bado ipo. Najua unachofikiri: kwamba mama yako aliuawa na Kato, yule mwenye bodaboda aliyekuwa amelewa, akafungwa kwa kosa hilo. Hivyo ndivyo nilivyokwambia, na hivyo ndivyo karatasi za mahakama zinavyosema. Naomba unisikilize mpaka mwisho hata kama utakuwa umesimama.

Unajua mimi ni mtoto wa kambini. Babu yako alikuwa askari, alitoka kwetu kaskazini na sanduku la bati na Kiswahili cha gwaride, na kambini nilijifunza mapema kwamba pombe ndiyo iliyokuwa ikivunja nyumba za watu. Mshahara ukitoka, wanawake walikuwa wanatulaza mapema. Nikaapa kwamba sitaonja, na wallahi sikuonja. Dini ilinisaidia, lakini nisijisifu bure, zaidi ilikuwa kiburi. Nilipokutana na mama yako, Rose, Mkatoliki wa Lira ambaye baba yake hakutaka kusikia jina langu la Juma, kitu cha kwanza nilichomwambia mzee yule ni kwamba sinywi. Akanitazama muda mrefu akasema basi huyo achukuliwe. Wewe ulipozaliwa tukakuita Mariamu ili kila upande udhani umeshinda.

Nilipopata kazi ya udereva kwenye ile kampuni ya ulinzi, sifa hiyo ilinitangulia. Kazi yenyewe unaikumbuka: kuwasambaza walinzi kwenye malindo yao alfajiri, kuwakusanya waliokesha, kisha jioni kurudia yote upya. Dereva mmoja asipokuja, aliyepo anashika zamu mbili. Na kwa kuwa mimi sikunywa, mimi ndiye niliyekuwepo siku zote. Wenzangu wakilewa Ijumaa, simu inakuja kwa Juma. Harusi ikiisha na madereva hawasimami vizuri, ufunguo anapewa Juma. Trafiki wakituweka kwenye foleni ya kile kipimo cha kupuliza ambacho Kampala nzima inakiita kawunyemu, mimi nilikuwa nashusha kioo mwenyewe kabla sijaulizwa. Nilipenda kupuliza. Kinasoma sifuri, askari anasema, "Kale, sawa mzee, endelea," na gari zima la walinzi wananipigia makofi. Wakaanza kuniita Sifuri, nami nikaitika.

Hakuna aliyeniuliza mtu anawezaje kukaa macho saa thelathini. Wote walijua. Mwuzaji wa mairungi alikaa hatua chache kutoka geti la kampuni, na shavu langu lilikuwa limevimba kila siku ya Mungu. Ukitafuna, usingizi unaondoka, maneno yanakuja mengi, unajiona mwepesi na hodari. Nilikuwa naendesha huku nahubiri siasa kwa walinzi waliosinzia. Kisha majani yanaisha nguvu, na wewe unataka kulala lakini macho yanagoma. Hapo ndipo tulipokuwa tunameza vidonge. Vya mafua, vya mzio, chochote chenye kulaza ambacho mtu alikuwa nacho mfukoni. Majani ya kuamka, vidonge vya kulala. Sisi tuliona ni ufundi wa kazi, na tuliwafundisha wageni kwa upole kabisa, kama nilivyokufundisha wewe kubadilisha gia.

Sasa ile Jumapili.

Nilikuwa nimeshika usukani tangu Ijumaa alfajiri, nikipumzika vipande vipande kwenye kiti. Nilirudi nyumbani Jumapili asubuhi, kinywa kichungu, nikameza vidonge viwili vya mafua nilivyopewa na mlinzi mmoja, nikajilaza. Huenda nililala nusu saa. Mama yako akaja kusimama mlangoni. Alikuwa amevaa gauni la bluu, na wewe umesukwa. Kila Jumapili nilikuwa nawapeleka Lubaga kanisani, nakaa nje kwenye kivuli mpaka misa iishe, nawarudisha. Watu walinitania kwamba mimi ndiye Mwislamu anayehudhuria misa kuliko Wakatoliki. Nilikuwa naipenda ile safari.

Mama yako alinitazama akasema, "Baba Mariamu, macho yako siyo. Leo lala. Sisi tutapanda taksi."

Alisema kwa upole. Hakuwa na neno baya. Mimi nikaona nimetukanwa. Dereva, na mkewe apande taksi, na gari letu la kijivu limesimama nje nililoliosha Alhamisi kwa mikono yangu! Nikainuka.

"Kwani dereva wako amekuwa mlevi?" nikamwambia. "Ninuse basi."

Nikamsogezea mdomo, kwa mzaha. Akacheka, akanisukuma usoni. Angeendelea kukataa, najua, lakini nilikuwa nimeshamfanyia mchezo, na wewe ulikuwa unaruka ruka pale mlangoni. Akachukua mkoba wake. Nimeurudia huo mzaha kichwani mwangu kuliko kitu kingine chochote maishani. Alijua. Alikuwa ameniona. Nilimshinda kwa kutumia pombe ambayo sikunywa.

Kwenda tulifika salama. Wakati wa misa sikulala, nilitafuna kidogo kilichobaki mfukoni, kikavu, hakina kitu. Mlipotoka mkaingia, mama yako mbele kushoto kwangu, wewe nyuma, na kabla hatujafika mjini ulikuwa umelala. Tukapita chini Nakivubo, na Jumapili ile njia ilikuwa wazi. Nikwambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu: sikumbuki tulivyoingia barabara ya Port Bell. Nakumbuka Nakivubo, kisha nakumbuka tayari tuko Port Bell. Katikati pale niliendesha, nilikata kona, nilisimama labda na kuondoka, na hakuna hata kimoja nilichokiona. Nikajisemea, ah, kumbe tumeshafika huku. Nikafurahi kwamba safari inakwenda haraka.

Ukitaka ushauri wangu wote wa udereva, ni huo. Siku utakapojiuliza njia panda ya nyuma umeipitaje na usipate jibu, simamisha gari. Usifungue kioo, usioshe uso, usiwashe muziki. Simamisha. Mimi nilipewa onyo hilo mchana kweupe na nikalipokea kama zawadi.

Mama yako alikuwa ananisimulia habari za padri, sijui alikosea jina la marehemu nani. Sauti yake ndiyo ya mwisho. Sikufumba macho, Mariamu, hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Nilikuwa nimeyafumbua nikiitazama barabara, na sikuwepo. Nilipozinduka gari lilikuwa upande usio wetu, na mbele yangu palikuwa na bodaboda iliyokuja kwenye njia yake, mahali pake pa haki kabisa. Nikavuta usukani kushoto kwa nguvu zangu zote. Ubavu wa nyuma ukampiga yule mtu akaruka. Sisi tukaenda moja kwa moja kwenye lori la matofali lililoegeshwa kando. Liliingia upande wa mama yako.

Wewe ulivunjika mfupa wa bega. Mimi nilipasuka nyusi. Sitaandika habari za mama yako. Ulipozinduka hospitali uliniuliza yuko wapi na nikakujibu, hayo unayo.

Watu walijaa kabla hata sijafungua mlango. Walimwinua Kato, na mguu wake ulikuwa umegeuka vibaya, na alipofungua mdomo kulia, waragi ikanuka mpaka kwangu. Alikuwa anatoka msibani, walikuwa wamekunywa tangu jana yake. Mama mmoja aliyekuwa anachoma mahindi pale kando, ambaye alikuwa amekipa mgongo kila kitu, akapiga kelele.

"Ni huyu! Amelewa huyu! Amekatia mwenye gari mbele!"

Wakanigeukia. "Mzee, ni kweli amekukatia?"

Uongo wa kwanza sikuutunga mimi. Niliukuta umeshatengenezwa, nikaitikia kwa kichwa. Ndiyo. Ndivyo. Mama yako alikuwa bado yuko ndani ya gari.

Trafiki alipofika aliniletea kile kipimo. Nilipuliza nikiwa na damu machoni, kikasoma sifuri. Alifanya kazi yake sawasawa, simlaumu. Hakuwa na mashine ya kupima majani wala vidonge wala siku tatu bila kulala. Alinishika mkono, akaniambia pole mzee, kisha akamwendea Kato. Nilisikia kila neno. Kato alikuwa amelala chini, amekamata paja lake.

"Sijui, afande," alikuwa anasema. "Mimi sikumbuki vizuri. Labda ni mimi. Kama mzee anasema ni mimi, basi ni mimi."

Hata yeye aliniamini. Alikuwa amepanda pikipiki na pombe kichwani, kosa hilo ni lake na halijifichi. Lakini alikuwa kwenye njia yake. Pombe ilimnyang'anya kumbukumbu ya pekee ambayo ingemwokoa, na mimi niliyekuwa nayo nikaitia mfukoni. Mbele ya hakimu alikiri. Hakubishana hata dakika moja. Aliniangalia na kusema nimsamehe, na mahakama nzima ikanitazama kwa huruma, mjane wa kiume aliyenyooka, asiyeonja pombe.

Na wewe. Askari alikuja wodini kukuuliza umeona nini. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja na ulikuwa umelala tangu Lubaga. Nilikuwa nimekaa kwenye kitanda chako usiku kucha nikikuambia, boda ilitukatia mbele, mwanangu, boda ilitukatia mbele. Ulipoulizwa ukasema hivyo hivyo kwa sauti yako ndogo. Leo hii ukiapa utasema uliona. Hukuona. Mimi ndiye niliyekuwekea picha hiyo kichwani, na hiyo si dhambi yako, usiibebe hata hatua moja.

Utauliza kwa nini nilinyamaza. Jibu nililojipa miaka yote ni wewe: nikifungwa, nani atamlea Mariamu? Ndugu wa mama yako walikuwa wanasubiri sababu tu ya kukuchukua. Kuna ukweli ndani yake, lakini nimekaa na jibu hilo muda mrefu mno kulijua lilivyo. Nilikutumia kama kisingizio. Niliogopa. Niliona haya. Niliogopa zaidi kuwa mtu wa kawaida aliyeua mkewe kuliko nilivyoogopa jela. Na nilimwacha mtu akae gerezani hapa hapa Luzira, juu ya mlima huu, huku mimi nikilala chini yake na kuamka na kukupeleka shule.

Mairungi niliacha baada ya mwaka. Ndiyo, mwaka. Nilimzika mama yako na nikarudi kutafuna ili niweze kwenda kazini. Kisha asubuhi moja nikiwa na walinzi tisa nyuma, nikaipoteza tena njia panda moja. Nikasimamisha gari pembeni, nikateremka, nikampa mlinzi ufunguo, nikatembea kwa miguu mpaka ofisini kuomba kazi ya getini. Nikawaambia ni macho. Wewe pia nilikuambia ni macho, na ulipokua ukaninunulia miwani kwa mshahara wako wa kwanza. Naivaa. Naona vizuri bila hiyo.

Miaka hiyo hiyo ulianza kupenda magari, na mimi sikujua nicheke au nilie. Nikakufundisha mwenyewe kwenye ule uwanja wa chini karibu na ziwa, na ulikuwa hodari tangu siku ya kwanza, mikono yako imetulia kuliko yangu. Nilikufundisha kila kitu isipokuwa hiki. Wakati wa kukagua kabla ya kuondoka nilikwambia angalia mafuta, maji, breki, matairi. Sikukwambia ujiangalie mwenyewe. Utakuwa unabeba watu waliolala chali, Mariamu, akina mama wanaotoka damu, watoto. Abiria wa taksi anaweza kukuangalia macho akashuka. Wa kwako hawezi hata kukuuliza umelala lini.

Watakwambia wote wanatafuna. Ni kweli, wote. Watakwambia mbona fulani ana miaka kumi na hajawahi kugonga kuku. Hata mimi nilikuwa na miaka kumi. Siku ukichoka, mwambie mkubwa wako kwamba umechoka, kwa neno hilo hilo, na akikuita mvivu, itika. Mimi niliitwa Sifuri na nikaona raha. Na siku ukimwona mwenzako anashika usukani na macho yake siyo, usifanye kama nilivyomfanyia mama yako, wala usikubali ufanyiwe. Usinuse mdomo wake. Chukua ufunguo, acha akukasirikie mwaka mzima.

Kuna jambo jingine, na hili unalijua nusu. Kato alipotoka gerezani alikuja hapa. Ulikuwa umemaliza shule. Alisimama pale nje, mguu umekaza, ameshika mkungu wa matoke, akapiga magoti kwenye tope, mtu mzima.

"Nnyabo, bibi, mimi ndiyo Kato," alikwambia. "Nilikuja kuomba musamaha. Mimi nariua mama yako. Sikuhizi sikunywa tena, Mungu ananiona."

Ulimwambia maneno ambayo sitayarudia. Ulimwambia unatamani angefia kule ndani. Ukaubeba ule mkungu ukautupa barabarani, ukafunga mlango, ukaniangukia kifuani. Nikakushika. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia muda wote, Mariamu. Nilimwona akiokota matoke yake moja moja na kuyapanga tena, na sikutoka. Hapo ndipo nilipojijua mimi ni mtu wa namna gani. Ulikuwa na haki ya kukasirika. Mtu wa kukasirikiwa alikuwa ndani ya nyumba, anakupapasa kichwa.

Mwezi uliopita nilikwenda Nakivubo kukutafutia viatu vya safari, nikamkuta. Anashona viatu kwenye kibaraza, mguu ameunyoosha mbele. Aliniona kwanza yeye, akasimama kwa shida, akashika kofia mkononi. Nilitaka kukimbia. Akanikalisha kwenye kigoda cha wateja.

Akaniambia anakwenda kwenye steji za bodaboda kila Jumamosi kuongea na vijana. Anawaonyesha mguu wake, anawaambia, mimi nilikunywa nikapanda pikipiki, nikaua mama ya mutoto. Wengine wanamcheka, wengine wanasikiliza. "Kama mumoja tu ataacha ufunguo, mzee, mimi naridhika," aliniambia. Kisha akanisimulia mambo mengine, nitakuambia sasa hivi. Nilitoka pale bila kununua viatu vyako, nikatembea mpaka Luzira kwa miguu. Njiani shetani wangu wa zamani akaniambia, unaona, uongo wako umezaa kitu chema, uache ulivyo. Nikauacha. Mwezi mzima niliuacha, mpaka leo niliposhika kile kifurushi na wewe ukanirudishia maneno yangu ukicheka.

Barua hii nitakupa mkononi ukirudi, usome kabla ya kulala, ili kesho asubuhi uwe unajua. Basi lako ni saa mbili. Kama hutaki nikusindikize, ondoka tu, sitatoka chumbani mpaka nisikie geti. Kama utataka kunitukana, nipo. Kama utakaa mwaka bila kunipigia, nitaelewa, ila nakuomba mmoja wa wenzako anitumie neno moja kwamba uko hai.

Na ukinipigia ukakuta simu imezimwa, usishtuke. Nitamweleza Kato kwanza, kisha nitakwenda naye polisi kama atataka kuja nami, na asipotaka nitakwenda peke yangu. Sijui watanifanya nini baada ya miaka yote hii. Kodi ya nyumba imelipwa, na funguo za akiba ziko kwa jirani, kama utahitaji kuja kuchukua vitu vya mama yako. Siendi kishujaa, usiniwazie hivyo. Nimechelewa mno kwa ushujaa.

Jambo alilonisimulia Kato pale kibarazani ni hili. Jina la mama yako alilisikia mahakamani, na hajalisahau. Gerezani alianza, na mpaka leo hajaacha hata siku moja: kabla ya kulala anashuka chini kwenye sakafu, na ule mguu usiokunjika anaunyoosha pembeni, anamwomba Rose amsamehe. Alisema kuna usiku anakaa pale muda mrefu sana, kwa sababu anasubiri na haoni kama amesamehewa.

Kesho nitamwambia alale tu.

Baba yako,
Juma